Ubao wa Chini ya Godoro

Muuza mbao aliegemeza plaiwudi mbili ukutani, akamwonyesha yule mama kingo zake.

"Hii nyembamba ina tabaka tano, tena katikati ina mapengo. Ikilaliwa miezi minne inapinda. Hii nene ina kumi na moja zilizoshikana barabara. Miaka nenda rudi, haipindi. Ni ya kitanda cha nani?"

"Cha binti yangu. Alianguka ngazini, akaumia mgongo. Daktari kasema alalie kitu kilichonyooka."

"Pole, mama yangu. Basi chukua nyembamba. Miezi minne si atakuwa ameshainuka, anagombana nawe jikoni?"

Ndivyo mama alivyomwambia binti mwenyewe asubuhi, akimpaka mafuta miguu isiyojua kama imeguswa.

Mama alifumba jicho moja, akachungulia ukingo wa ile nene mwanzo hadi mwisho. Akailaza sakafuni, akakandamiza pembe moja baada ya nyingine. Haikucheza hata kidogo.

Alibaki amechuchumaa, kiganja juu ya ubao.

"Niletee hii nyumbani," alisema. "Binti akikuuliza mbona nzito hivi, mwambie nyembamba zimekwisha."