Hakuna Jina Hilo

Miaka yote Nyamizi alitunza hifadhidata ya hospitali, na hakuna jina lililotoka humo bila kupita mkononi mwake. Machimbo yalipoporomoka, mkuu wake alimtaka awashe seva ya tovuti, kazi ambayo bado alikuwa akijifunza, ili watu wajitafutie ndugu zao kati ya waliokufa.

Asubuhi tovuti ilipofunguliwa, mama mmoja aliandika jina la mwanawe kwenye kompyuta ya mapokezi. Ukurasa ukajibu: Hakuna jina hilo.

"Hayumo!" Mama akamkumbatia Nyamizi. "Mungu akuweke, mwanangu! Lile jitu langu nililiambia, hufi mpaka uniletee mkwe."

Nyamizi akacheka naye. Kisha, ili kuhakikisha tu, akaandika jina la jirani yake aliyefia machimboni na kuzikwa jana. Hakuna jina hilo.

Akafungua mipangilio ya seva, akaona kosa lake. Alikuwa ameiunganisha seva na hifadhidata ya majaribio, ile aliyoitengeneza ya kujifunzia, isiyo na mtu hata mmoja.

Akarekebisha mstari mmoja ili isome hifadhidata ya hospitali, akaiwasha seva upya.

"Mama," alianza, "ile ya kwanza..."

"Tafuta tena, mwanangu," mama alisema, akivuta kiti. "Hiyo 'hakuna' yake bado sijaishiba."

Nyamizi alimwomba Mungu, akaandika jina lile, akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Mama, mkono wake ukiwa begani mwa Nyamizi, alikitazama akitabasamu.