Aya ya Mwisho ya Barua

Jumatatu, tarehe tatu Juni, saa moja na robo asubuhi, manyunyu yakilowesha dirisha la chumba cha kusomea, Mwalimu Mkuu mstaafu aliona waya mweupe ukining'inia nyuma ya mashine ya redio, ncha nje, mithili ya shati la mwanafunzi mzembe. Aliutafutia tundu linaloufaa, akauchomeka.

"Fundi alisema usiguse kitu kingine," mkewe alimkumbusha kutoka mlangoni.

"Fundi huyo, mama, kwa miaka minne shuleni hakuwahi kuchomeka hata shati lake."

Akavaa visikilizio, akaweka kidole juu ya kitufe, akaanza mazoezi. Kwa nukta na vistari vya Morse alipiga, herufi baada ya herufi, kaulimbiu ya shule ya bweni aliyosomea na baadaye kuiongoza: Unyofu bila udhuru. Mara hamsini kila asubuhi, kuanzia saa moja na nusu. Mashine ilimlilia masikioni, naye akaridhika.

Mtihani wa leseni ya wanaoanza ulikuwa Jumamosi tarehe kumi na tano, na hufanyika mara moja tu kwa mwaka. Kaka yake, mzee wa miaka themanini na minne, aliishi nyuma ya milima isikofika simu. Kwa miaka arobaini alizungumza na dunia kwa redio, na sasa mapafu yalikuwa yakimsaliti. Asiye na leseni haruhusiwi kutuma hata herufi moja hewani. Mwalimu Mkuu aliikariri kanuni hiyo kabla ya nyingine zote, na njia za panya aliwaachia panya.

Mashine aliazimwa na fundi redio wa mtaa wa pili. Huyo alikuwa mwanafunzi wake, naye Mwalimu Mkuu alimcharaza viboko sita, zamani zile, kwa kuficha redio ndani ya godoro la bweni. Kijana alijitetea kwamba hakujua imekatazwa. Alijibiwa kwamba kutojua si utetezi.

"Viboko vyangu sita nakudai, Mwalimu," fundi alisema akicheka, siku alipoifunga mashine. "Riba nimekuachia."

"Ulivistahili vyote."

"Ndiyo. Haya, piga utakavyo. Itakulilia wewe tu."

Ijumaa, Mwenyekiti wa chama cha wanaredio alikuja kunywa chai, uso umemkunjamana.

"Kuna mwizi wa hewa, Mwalimu. Tangu Jumatatu, kila saa moja na nusu asubuhi, anatuvurugia mazungumzo. Anadonoa kama kuku juu ya saruji, hata haieleweki anasema nini. Hujamsikia?"

"Saa hizo huwa mazoezini."

"Basi tuandikie barua kwa mkaguzi. Mwenye kalamu ni wewe."

Aliandika kurasa mbili pasipo kufuta neno. Alieleza kwamba mhalifu hakuwa mbali. Kwamba mitaa hii ina fundi mmoja tu mwenye mitambo ya kurusha mawimbi hewani, na tabia yake ilijulikana tangu bwenini. Samaki hukunjwa angali mbichi; huyu alikunjwa, akakunjuka. Katika aya ya mwisho alipendekeza adhabu: mkosaji anyang'anywe leseni kama anayo, asikaribie mtihani kama hana, kwa miaka mitatu kamili, bila kujali umri, cheo, wala kisingizio cha kutojua.

Alhamisi, saa mbili kasorobo, mlango ulibishwa katikati ya mazoezi. Mkaguzi aliingia na antena ya mkononi. Nyuma yake alikuwa fundi, kichwa chini.

Mwalimu Mkuu alivua visikilizio, akasimama wima. "Hamkuchelewa kumpata."

"Barua yako ilitusaidia, Mwalimu. Ofisi imeikubali, hasa ile aya ya mwisho. Jana imetiwa sahihi, neno kwa neno."

"Sheria haina mjomba."

"Haina." Mkaguzi alitoa karatasi mfukoni. "Haya ndiyo niliyoyanasa sasa hivi, nikiwa hapo barabarani. Fundi ndiye aliyenisaidia kuyasoma."

Aliiweka mezani. Iliandikwa kwa penseli: UNYOFU BILA UDHURU. UNYOFU BILA UDHURU. UNYOFU BILA UDH

Kisha akaufuata kwa kidole waya mweupe, kutoka nyuma ya mashine, ukipanda ukuta, ukipenya dari kuelekea antena iliyo paani.

Manyunyu yalikuwa yamekoma. Mwalimu Mkuu alimgeukia fundi.

"Mwanangu," alisema, "mweleze kwamba sikujua."

Fundi aliuchomoa ule waya taratibu, akaikumbatia mashine yake.

"Vile viboko sita nimekusamehe, Mwalimu. Hii miaka mitatu si yangu kusamehe."