Kitako cha Mtungi

Mashine ililikataa dole gumba la mfinyanzi kwa mara ya nne.

"Bibi, vidole vyako havina alama," karani wa vitambulisho alisema bila kuinua macho. "Mfumo hauwezi kujua kama wewe ni wewe."

Bibi alivitazama. Miaka hamsini ya kukanda udongo ilikuwa imevilainisha kama kokoto za mtoni.

"Mama yako ananijua."

"Mama yangu si mfumo, bibi."

Foleni ikacheka. Bibi hakucheka. Aliuendea mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa dirisha, ule ambamo karani alikuwa ameshachota maji ya kunywa mara mbili tangu asubuhi. Akamimina maji yote kwenye ndoo ya kupigia deki, akauleta mezani, akaupindua.

Kwenye kitako palikuwa na alama ya dole gumba, lililobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi. Kila mstari ulionekana, na kovu lililopinda katikati. Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa saini yake, na soko zima lilijua kuisoma.

Akaweka dole lake kando ya alama ile. Mistari ilikuwa imeshafutika. Kovu lilikuwa palepale.

"Kama mimi si mimi," alisema, "huu aliufinyanga nani?"

Karani akaangalia ndoo, akaangalia foleni.

Bibi akavuta kiti, akaketi, akaupakata mtungi wake.

"Andika, mjukuu wangu. Ukishaandika ndipo utakunywa."