Alama Ndani ya Kisu

"Safisha," baba mdogo alisema. "Tena safisha vizuri, niione alama yangu bila kuvaa miwani."

Koleo alikibana kisu cha kukunja cha marehemu baba yake kwenye jiliwa, akakizungushia kitambaa ili meno ya chuma yasikiume, akachagua bisibisi ndogo kuliko zote. Jina la Koleo alipewa na baba yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa binti ambaye akishika kitu haachii. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na alichokishika ni karakana hii.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza ya kazi, dirisha, jiwe la kunolea na misumari ya kutundikia vifaa. Humo Koleo alikuwa ametengeneza visu miaka kumi na moja, bega kwa bega na baba yake. Baba mdogo alifanya kazi humo miaka miwili tu, akachoka, akaenda kuuza magari. Alirudi siku ya tatu baada ya mazishi na kusema karakana ni yake, ndugu yake alimwahidi. Ahadi yenyewe hakuna mwingine aliyeisikia.

Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekata maneno. Mafundi wa ukoo ule walikuwa na desturi yao: fundi akishamchagua mrithi, hufungua kisu chake cha mfukoni na kuchora ndani ya mpini alama ya huyo mrithi, ndogo kama punje ya mchele. Alama ya baba mdogo ilikuwa samaki. Ya Koleo ilikuwa koleo, kama jina lake. Na marehemu alikuwa amesema kitandani, "Nilishachora. Nikiondoka, fungueni." Basi kifunguliwe, Shangazi akaamua, na itakayokutwa ndiyo hiyo hiyo, asinung'unike mtu.

Lakini kisu kiligoma. Kwa miezi sita kilikaa chini ya mto wa mgonjwa, kikanywa jasho na dawa ya kikohozi, kikashikana kwa kutu. Baba mdogo alijaribu kukifungua kwa nguvu akajikata kidole gumba. Kazi ikarudi kwa anayeijua.

"Mwanamke na visu," alisema sasa, akikiuguza kidole chake. "Watu watasema ukoo umeishiwa wanaume."

"Waseme," Koleo alijibu. "Visu vyao wanamletea nani?"

Shangazi akacheka puani. Alikuwa ameketi mlangoni, macho yake hayaoni vizuri tena, lakini masikio hayakuwa na shida yoyote.

Koleo alidondosha tone la mafuta ya taa juu ya skrubu, akasubiri. Kutu haina shemeji wala mjomba, baba yake alizoea kusema; haiharakishwi na mtu. Skrubu ya kwanza ikalegea, kisha ya pili. Akainua kibamba cha mpini. Ndani mlikuwa na tope jeusi la mafuta ya zamani. Akalisugua kwa mswaki mkuukuu, akafuta kwa pamba, akaweka lenzi jichoni na kuinama.

Akaitoa lenzi, akaifuta, akairudisha jichoni.

"Vipi?" baba mdogo aliuliza. "Unaona nini?"

"Uchafu. Umeshika kweli kweli."

"Mbona unalia?"

"Mafuta ya taa."

"Hebu mwache mtoto na baba yake," Shangazi alisema.

Koleo alikuwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo tangu azaliwe. Alichukua msasa wenye makali, halafu ulio laini. Kibamba chenye mikwaruzo hufanya kisu kikwame, kila fundi anajua hilo, na Koleo alisugua hadi jasho likamtoka. Pembe ambazo mswaki haufiki alizipitia kwa sindano ya chuma, taratibu, akiwa ameuma midomo. Akasugua tena. Pini akaing'arisha. Springi akaipa tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, maana mafuta mengi huita vumbi.

"Unakisafisha au unakimaliza?"

"Si ulisema vizuri?"

Mwishowe akakipeleka kibamba dirishani. Baba mdogo alivaa miwani baada ya yote yale, akatazama, akakigeuza, akatazama tena. Ilikuwa koleo ndogo yenye mdomo wazi, inang'aa kama kila kitu kingine ndani ya kisu kile.

"Haiwezekani," alisema. "Alinishika mkono akaniambia."

Shangazi akakiomba kibamba, akakipapasa kwa ukucha. "Koleo," alisema. "Hata kipofu anaisoma. Nenda kauze magari yako, mdogo wangu."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Koleo akakirudishia kisu viungo vyake, akakaza skrubu, akailegeza kidogo, akasukuma kwa kidole gumba. Kisu kikafunguka laini, kikagonga mahali pake kwa sauti moja safi.

"Baba yako alikuwa mbishi," Shangazi alisema, akitafuta viatu vyake kwa miguu.

"Mimi zaidi."

Shangazi alipokwisha kwenda, Koleo alikusanya karatasi za msasa mezani na kuzitia kwenye kopo la takataka. Zilikuwa tatu. Yule samaki alikuwa amechorwa kwa kina, kwa mkono wa mtu asiyetaka kubishiwa.