Wembe wa Kukunja

"Wacha! Hicho ni kisu cha kuchinjia!" mteja alipiga kelele, mkono ameuweka kooni.

"Kisu gani, bwana wee? Huu ni wembe wa Kijapani!" Alwi kinyozi naye akapandisha sauti. "Mpishi wa meli aliniuzia Mombasa. Hata bwana stesheni wa hapa Voi namnyoa na huu huu."

"Mbona haukunjiki?"

"Ukunjwe uende wapi? Ndiyo uzuri wake. Hauna maungio, haunasi nywele za watu."

Alwi alikuwa amechoka. Tangu asubuhi gari la moshi lilikuwa linashusha wapagazi wa vita vya Mjerumani, wamebaki mifupa na ndevu tu, na wote walitaka kunyolewa kabla hawajaenda kwao. Mkono ulimuuma mpaka begani. Na huyu wa mwisho ndiye mwenye maneno.

Mteja wala hakuutazama ule wembe wa Kijapani, chuma kimoja moja kwa moja, mpini umezungushiwa kamba nyembamba za henzerani. Macho yake yalikuwa kwenye rafu, kwa wembe mwingine, wa kukunja, umelala juu ya kitambaa.

"Ninyoe na ule. Mwalimu wa misheni alininyoa na kama ule siku ya harusi yangu. Nataka mke wangu anione vile aliniona siku ile. Miaka miwili, kinyozi! Nimekula mizizi huko nikifikiria hilo tu."

"Ule hapana."

"Kwa nini?"

"Ule ni wa matanga, ndugu yangu! Nawanyolea waliofiwa peke yao. Wewe waenda kwa mkeo, nikupake huzuni za watu?"

Hapo mteja akalaza kichwa nyuma. Alwi akampaka sabuni, akasogeza kibati cha upagazi, chenye jina, kilichoning'inia shingoni mwake.

"Thadeus," akasoma.

"Huyo si mimi. Thadeus alikuwa rafiki yangu, homa ikamshika. Yeye alikuwa kwenye orodha ya kurudi, mimi ya kubaki. Akajua hatafika. Akanivua kibati changu akakivaa yeye, akanivalisha chake."

"Wajanja nyinyi." Alwi akaanza shavu la kulia. Wembe ulipita kimya, kama mtu anapangusa vumbi mezani.

"Kumbe ni mzuri," mteja akasema, macho amefumba.

"Si nilikwambia? Ule mwingine umechoka kama mimi. Wiki iliyopita umenyoa ukoo mzima kutoka kijiji cha Rukanga. Walikuja kuuliza habari za mtu wao. Karani wa wapagazi akafungua daftari: amekufa. Hawakulia hata. Walikuja hapa moja kwa moja, wakajipanga pale ukutani. Mama mtu, ndugu, mjane."

"Mjane mzee?"

"Wapi! Msichana kabisa. Nywele zake hizo, we acha. Ndugu wa marehemu ndiye alimshika mabega nikimnyoa, maana ndiye anamrithi. Walisema Jumamosi wanachinja, wanamwozesha, wanamalizana."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu. Geuza uso."

Mteja hakugeuza.

"Huyo mjane," akasema pole pole. "Nyuma ya sikio la kushoto ana kovu la moto."

Wembe ukasimama. "Kovu lile halionekani mpaka nywele zitoke. Wewe umelijuaje?"

Mteja akainuka, shavu moja laini, lingine povu na ndevu. Akauchukua wembe wa kukunja pale rafuni, akaufungua. Kwenye maungio palikuwa pamenaswa kishungi kidogo cha nywele. Akakichomoa, akakifunga kwenye kidole, pale pa pete.

"Hizi ndevu," akasema, "nilikuwa namtolea yeye."

Akatoka, akafunga mlango.