Kikohozi cha Mwanakheri

Tangu afya za watu zianze kuuzwa sokoni kama hisa, Mwanakheri akikohoa hujiziba mdomo kwa kanga. Majirani wakisikia, huweka dau kwa simu zao kwamba ataugua zaidi. Bei yake huporomoka, na waliotangulia kuweka dau ndio wanaovuna. Kwa hiyo kifua kikimbana, mumewe Shekuwe hukimbilia kufunga madirisha.

Leo kilimbana akiwa jikoni. Shekuwe alimletea maji, akamfuta jasho, akabonyezabonyeza simu yake. Kisha akazunguka nyumba nzima, akafungua madirisha yote.

“Baba Saumu, watasikia.”

“Waache wasikie,” alisema kwa upole, huku akimsugua mgongo. “Hebu kohoa tena, Mama Saumu. Toa na hiyo kanga.”