Utepe wa Darasa Jipya

Wakubwa ndivyo walivyo: walileta mahema, viti na maji ya chupa, mkasi wa kukatia utepe wakausahau. Mkuu wa shule akamkimbilia fundi cherehani Zuberi, aliyesimama nyuma kati ya wazazi, ametoka kibandani na mkasi bado mkononi.

"Mzee Zuberi, tuazime. Ni utepe tu."

Mkasi ulikuwa wa marehemu mkewe. Mpini wake bado ulikuwa na kitambaa chekundu alichokizungusha marehemu mwenyewe usimchubue kidole gumba. Ndio uliomkatia binti yao yunifomu ya kwanza.

Zuberi akaenda mbele, akamnyooshea mkasi mfadhili, mama wa hapahapa Nyamirambo anayeishi Ubelgiji, aliyelijenga darasa kwa fedha zake. Lakini hakuuachia.

"Mama, nani atafundisha humu?"

"Mzee, usituaibishe," mkuu akanong'ona.

"Aibu ni yenu. Binti yangu anasoma asubuhi tu, mchana mwalimu wake ana watoto wengine. Darasa hili hapa. Mwalimu wa humu yuko wapi?"

Mama akamgeukia mkuu. "Si mliniambia ameshapatikana?"

"Yuko kwenye mpango, mama. Bado kidogo."

Zuberi akauachia mkasi. Mama akapitisha kidole kwenye kitambaa chekundu, kisha akamrudishia. Akainama, akapita chini ya utepe, akaketi kwenye dawati la mbele.

"Haya," akasema. "Tumngoje."